Skii Pana za Ndugu Yangu

Ndugu yangu alirudi kutoka Marekani akiwa na begi dogo la mgongoni na mfuko mwingine mweusi, mrefu kumpita yeye mwenyewe. Alikuwa amekaa huko miaka kumi na mmoja. Pikipiki iliyomleta kutoka Ikonge iliendeshwa polepole kwa sababu mfuko ule ulilazwa kwa upana nyuma ya dereva na kila mara ulikwaruza nyua za watu. Majirani waliuona mfuko kabla ya kumwona yeye. Alipofika langoni, uani kwetu palikuwa na watu kama ishirini, kila mmoja na yake kuhusu kilichokuwemo.

Baba yetu hakutoka nje. Alikuwa ameketi sebuleni, redio mapajani, na nilipoingia kumwambia kwamba mwanawe amefika, akaongeza sauti ya redio.

Lazima niseme kwa nini. Mama yetu alikuwa amekufa miaka miwili kabla ya siku hiyo. Alipigwa na kiharusi akiwa anachuma chai, akalazwa hospitali majuma machache, kisha akalala kitandani nyumbani mwaka mzima na miezi, na mimi ndiye niliyemgeuza, nikamwosha, nikamlisha uji kwa kijiko, kisha nikakimbia shuleni kufundisha watoto wa watu. Ndugu yangu alipiga simu kila Jumapili. Nilimwekea Mama simu sikioni, naye, kwa ile nusu ya mdomo iliyobaki, aliuliza swali moja tu: "Unakuja lini?" Ndugu yangu akajibu kila Jumapili: "Mwezi ujao, Mama." Karatasi zake za kukaa kule zilikuwa zimepitwa na muda, na akitoka asingeruhusiwa kuingia tena. Hilo tulikuja kulijua baadaye. Wakati ule tuliujua tu huo mwezi ujao, unakuja, unapita.

Siku ya mazishi aliniomba nimshikie simu kaburini ili aone jeneza likishuka. Nikakubali. Nilimwonyesha hema, nikamwonyesha kwaya na watu waliojaa mpaka barabarani. Mchungaji alipoanza maneno ya mwisho, nikazima simu. Sikuwa nimepandwa na hasira. Nilikuwa mtulivu kabisa, kama mtu anayezima taa akitoka chumbani. Baadaye aliniuliza kama mtandao ulikatika. Nikamwambia ndiyo.

Huyo basi ndiye aliyesimama uani, amenenepa usoni, anatabasamu bila kujua amtazame nani. Dada ya baba yetu, mwanamke ambaye hakuna msiba wala harusi iliyompita bila yeye kusema neno, alimsalimu kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akauvuta mfuko.

"Fungua tuone," akasema.

"Shangazi, acha nipumzike kwanza."

"Utapumzika. Fungua."

Akafungua. Ndani mlikuwa na mbao nne zilizong'aa, ncha zake zimepinda juu: jozi moja nyembamba, nyekundu, na jozi nyingine pana, ya buluu, iliyochakaa kidogo. Kulikuwa na viatu vya plastiki vigumu kama ndoo, na fimbo mbili. Shangazi alitikisa mfuko kuona kama kuna kitu kingine. Hakukuwa na kitu kingine.

"Ni mbao?"

"Ni skii, Shangazi. Za kutelezea kwenye theluji."

"Na hapa theluji iko wapi?"

Watu wakacheka. Naye akacheka kidogo, pamoja nao, na hilo lilikuwa kosa lake, kwa sababu shangazi aliacha kucheka mara moja. "Ulimwacha mama yako akazikwa na majirani," akasema, "halafu ukatuletea mbao." Watu wakatawanyika. Kufikia Jumatatu watoto waliokuwa wakienda shule walikuwa wakipita langoni wakiita "Mbao! Mbao!" halafu wanakimbia.

Alikuwa ameondolewa nchini kule kwa nguvu. Walimpa muda mfupi wa kufunga mzigo. Nilimuuliza kwa nini, kati ya vitu vyote vya Marekani, alichukua vile. Akasema, "Zilikuwa zangu," kana kwamba hilo lilitosha.

Baba hakumsemesha. Akiwa na neno la kumwambia, alilipitisha kwangu, hata kama walikuwa meza moja. "Mwambie huyo asogeze chumvi." "Mwambie huyo ng'ombe hawajanyweshwa." Ndugu yangu alisogeza chumvi, akanywesha ng'ombe, akalala katika chumba cha nyuma alimolala akiwa mvulana, skii zake zikiwa zimesimamishwa pembeni kwa sababu chini ya kitanda hazikutosha. Sikumwonea huruma. Nilipenda, kusema kweli, kumsikia Baba akisema "huyo". Kila aliposema, niliona kama ananilipa kwa ule mwaka wa kumgeuza Mama.

Alasiri moja ya mvua, mwezi wa tatu, nilikuwa nimeketi barazani nasahihisha madaftari. Ndugu yangu akazitoa skii zote nne, akazilaza juu ya benchi, akaanza kuzipangusa kwa kitambaa. Nilimuuliza, kwa sauti ya kumchokoza, kwa nini mtu mmoja anahitaji jozi mbili, ilhali ana miguu miwili tu.

Akalichukua swali langu kama swali la kweli. Uso wake ulibadilika. Tangu arudi sikuwa nimemwona akiongea akiwa amenyoosha mgongo.

"Hizi nyembamba," akasema, akiweka vidole vinne katikati ya skii nyekundu, navyo vikaifunika, "ni za theluji ngumu. Usiku inaganda, asubuhi ni kama sakafu. Kingo zake ni chuma, unaona? Zinakata, zinashika. Lakini kule mwezi wa tatu, wa nne, jua likipanda, theluji inalegea. Saa tano imekuwa laini. Saa saba imekuwa uji wa wimbi. Ukiingia na hizi kwenye uji, zinazama. Zinakata mpaka chini na kukwama, na wewe mwenyewe unaendelea mbele."

"Na hizo?"

Akafungua kiganja kizima juu ya ile ya buluu, na bado kingo zilionekana pande zote mbili. "Hizi zinaelea. Upana unabeba uzito wako. Halafu angalia ncha, imepinda juu mapema, ili ipande juu ya ule uji badala ya kuuchimba. Na ni nzito kidogo, makusudi. Nyepesi sana inarukaruka kwenye mabonge, inakuchosha magoti." Akaigeuza akanionyesha chini yake, palipochorwa mistari midogo midogo kama ya daftari. "Theluji ya maji inanyonya. Inashika skii kama tope linavyoshika gamubuti. Hii mistari inayapa maji njia. Halafu unapaka nta ya siku za joto, ile laini. Ukipaka ya baridi, unateleza hatua kumi, kisha ni kama mtu amekushika kola."

Alikuwa amefanya kazi katika duka lililokuwa chini ya kilima, la kukodisha vitu hivyo. Watu waliingia wakitaka zenye rangi nzuri, au zile walizoziona kwa jirani yao. Yeye aliwatazama, akatazama nje dirishani, kisha akawauliza swali moja: mtatoka saa ngapi? Kwa sababu theluji ya saa tatu na theluji ya saa nane ni vitu viwili, alisema, na watu wengi wanachagua skii kwa kilima badala ya kuchagua kwa saa. Kulikuwa na mama mmoja mzee, mzungu, aliyekataa kuhudumiwa na mtu mwingine yeyote. Alikuwa akikaa kwenye kiti karibu na mlango mpaka ndugu yangu amalize na wateja wengine.

"Alikuwa akiningoja," akasema, akicheka.

Nikafunga daftari. "Mama pia alikuwa akikungoja," nikamwambia. "Yeye alingoja amelala kitandani."

Akazirudisha skii ndani, moja moja. Hakuwahi kunieleza tena habari zake.

Lakini nilikuwa nimesikiliza. Mwezi wa nne mvua ilizidi, na mtaro ulio kati ya nyumba na zizi la ng'ombe ukapanuka, tope likawa la kufika magotini. Kila asubuhi nilivuka na ndoo ya maziwa, kila asubuhi gamubuti moja ilibaki nyuma. Ndugu yangu alikwenda Kisii mjini siku mbili kufuatilia kitambulisho chake. Siku ya kwanza, baada ya kumwaga maziwa mara ya pili kwa wiki moja, niliingia chumbani mwake. Nilisimama mbele ya zile jozi mbili nikakumbuka vizuri kila alichosema. Nyembamba zinazama. Pana zinaelea. Nikachukua pana.

Vile vishikio vya chuma vya kushikia viatu nilivifungua kwa bisibisi, skrubu moja baada ya nyingine, nikavitia pamoja na skrubu zake katika mkebe wa mbegu za mboga, stoo. Skii zenyewe nikazilaza kuvuka mtaro, ubavu kwa ubavu, migongo chini, ile mistari midogo ikitazama juu ili mguu usiteleze. Nikazigongomelea misumari ya inchi nne kwenye magogo mawili. Ilichukua asubuhi nzima. Nilikuwa nikiimba.

Ningeweza kutumia ubao wa mti. Kulikuwa na mbao za mkaratusi zimeegemezwa nyuma ya choo. Nasema hivyo kwa sababu miaka hii yote nimekuwa nikijiambia kwamba sikuwa na kitu kingine.

Jioni Baba alivuka juu yake kwenda kuangalia ng'ombe. Akasimama katikati, akachezesha uzito wake, skii zikanesa kidogo zikambeba. "Daraja zuri," akasema. Tangu Mama afe, hakuwa amenisifu kwa lolote.

Ndugu yangu alirudi kesho yake saa kumi, mvua ikinyesha. Alitokea upande wa zizi, kwa njia ya mkato. Nilikuwa jikoni, namwona kupitia dirisha. Alifika ukingo wa mtaro akasimama. Kwato za ng'ombe zilikuwa zimekwisha kuzikwaruza, na samadi imejaa kwenye ile mistari. Alichutama, akagusa palipokuwa na vishikio, yale matundu, kwa kidole kimoja. Halafu akaingia kwenye tope kando ya daraja, akavuka hapohapo, linamfika magotini, akatokea upande wa pili. Akanawa miguu kwenye pipa. Aliingia jikoni akanisalimu, akauliza kama kuna chai. Siku zote zilizofuata alivuka kwenye tope.

Mvua ya mawe ilipiga Sabato, majuma mawili baadaye.

Baba ni mzee wa kanisa, na Sabato hiyo watu wengi wa kanisa walikuwa wamekuja kwetu kula baada ya ibada. Ilikuwa saa nane mchana. Mbingu ilikuwa nyeusi upande wa juu, halafu ikawa ya kijani, halafu bati likaanza kupigwa. Anayeishi huku kwetu anaijua mvua ya mawe, lakini ile ilikuwa ya aina yake. Tulipiga kelele tukiwa tumekaa bega kwa bega na hatukusikiana. Ilipiga nusu saa. Ilipokoma tulitoka barazani, na mlima mzima ulikuwa mweupe. Malisho nyuma ya nyumba, yanayoteremka hadi kwenye shamba la chai, yalikuwa yamefunikwa, mahali pengine mpaka juu ya kifundo cha mguu. Migomba ilikuwa imechanwa nyuzinyuzi. Chai yetu, na chai ya kila mtu aliyekuwa amesimama pale, ilikuwa imebaki vijiti.

Hakuna aliyelia. Wanaume walisimama na mikono mifukoni. Mwanamke mmoja alisema, "Leo hii nilikuwa nimemshukuru Mungu mbele ya kanisa kwa hii chai." Jua likatoka, kali, kama vile halikuhusika. Vile vipande vya barafu vikaanza kulegea.

Ndugu yangu alikuwa ameshuka kutoka barazani. Alikuwa akitembea katika malisho taratibu, akiteka barafu kwa mkono, akiiminya, akiitazama inavyochuruzika kati ya vidole. Alikuwa na uso ule wa barazani, mgongo umenyooka. Nadhani alikuwa amesahau kwamba tuko pale. Nasi, tuliokuwa tumepoteza chai ya miezi, tukamwona mtu mmoja tu anayefurahi.

"Mwenye mbao!" kijana mmoja wa kwaya akaita. "Theluji yako imekufuata!"

Kicheko kilitoka kama maji yaliyokuwa yamezibwa. Wote tulikihitaji. Shangazi alipiga makofi. "Haya, mwanangu, tuonyeshe! Leo hakuna kisingizio!" Simu zilitolewa. Wengine wakaanza kumpigia vigelegele.

Alirudi barazani akitikisa kichwa. "Mara tu ilipokoma, labda," akasema. "Sasa ni uji. Na chini yake ni nyasi. Na zile zinazofaa..."

Baba alikuwa amesimama kwenye ngazi, amevaa suti yake ya kanisa. Kwa mara ya kwanza tangu mwanawe arudi, alimtazama usoni na kumsemesha yeye mwenyewe. Hakupaza sauti.

"Tuonyeshe," akasema. "Tuone kilichokuwa kitamu kuliko kumzika mama yako."

Kicheko kikakatika. Ndugu yangu akanigeukia mimi, akanijia mpaka karibu, akaongea kwa sauti ya chini.

"Vile vyuma vya kushikia viatu. Uliviweka wapi?"

Daraja lilikuwa hapo, hatua thelathini. Nilikiona kichwa cha kila msumari.

"Nikipata vile vyuma na bisibisi," akasema, "dakika kumi naweza kuzirudisha zile pana. Uji hautakuwa umekwisha."

Mkebe ulikuwa stoo, nyuma yangu, mlango uko wazi. Nilimtazama machoni.

"Nilivitupa," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa. Akaingia ndani akatoka na zile nyekundu.

Alipanda mpaka juu ya malisho, penye ua, skii begani, viatu vya plastiki vikimfanya atembee kama anayevuta minyororo. Alipochutama kujifunga, kwaya ilikuwa imekwisha kutunga wimbo. Aliposimama, akiwa na fimbo mkononi, akakunja magoti kidogo, tukanyamaza. Hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kumwona mtu wetu akisimama namna ile.

Akashuka. Kona ya kwanza aliikata kuelekea kulia, maji na barafu vikaruka kama bawa, na skii zikatoa mlio wa kitambaa kinachochanwa. Kona ya pili, kushoto. Nakumbuka kwamba nilishika mdomo. Ilikuwa nzuri. Kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili nilielewa kwamba ndugu yangu alikuwa na kitu anachokijua, ambacho sisi sote hatukukijua wala hatukukitaka.

Kona ya tatu skii ya kushoto ilizama. Niliiona ikikata ule uji, ikashika udongo, ikasimama. Yeye hakusimama. Mguu ulibaki, mwili ukaenda, na sauti iliyotoka ilifika barazani ikiwa kavu, kama ya mtu anayevunja muwa. Aliviringika mpaka kwenye safu ya kwanza ya chai, na safu ile ilikuwa imepogolewa mwezi uliotangulia, vijiti vitupu vyenye ncha.

Watu walicheka. Lazima niandike hilo. Walicheka kwa nguvu na kwa muda mrefu, wakishikana mabega, kwa sababu miguu yake ilikuwa imeelekea juu na mmoja ulikuwa umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei, nao wakadhani ni mbao iliyopinda. Mimi nilijua ni mguu, na nilicheka pia, labda kwa hesabu ya moja mpaka tatu. Shangazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga yowe.

Tulimbeba kwenye ngazi ya kuchumia maparachichi mpaka barabarani. Mfupa wa muundi ulikuwa umetoka nje. Katika gari hakulalamika, alitetemeka tu, na kila tulipopita shimo alishika mkono wangu. Kabla hatujafika hospitali video yake ilikuwa imetangulia. Ilizunguka kwenye simu za ukoo, za kanisa, za walimu wenzangu. Mtu aliiwekea muziki. Jumatatu mwanafunzi wangu wa darasa la sita aliigiza kona ya tatu mbele ya ubao, akijua mimi ni nani, na darasa likacheka huku likinitazama.

Walimtia chuma mguuni. Baba alikuja siku ya nne, na chupa ya chai. Akaketi kando ya kitanda, akatazama wodi yote, vitanda, madirisha.

"Mama yako alilala wodi ya wanawake, kitanda cha pembeni kama kile," akamwambia. "Alikuwa akitazama mlango." Kisha akammiminia chai, akamsaidia kuinua kichwa, akamnywesha mpaka kikombe kikaisha, taratibu, bila kumwaga hata tone. Akaondoka. Sijawahi kujua kama alikwenda kumsamehe au kummaliza. Nadhani naye hakujua.

Mimi nilikuwa nikienda kila jioni baada ya shule. Wiki ya pili sikuweza tena kuficha. Nilingoja mgonjwa wa kitanda cha jirani apelekwe kuoga, nikamwambia: "Vile vyuma sikuvitupa. Viko katika mkebe wa mbegu."

"Najua," akasema. "Niliviona Jumatano. Nilikuwa nikitafuta nyundo."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Jumatano ipi?"

"Kabla ya ile Sabato."

"Sasa kwa nini uliniuliza? Kwa nini hukuingia ukavichukua?"

Alikuwa akitazama dari. "Nilitaka kuona kama utaniambia."

Nilikaa. Muuguzi akaingia, akaandika kitu, akatoka. Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake, na nikakitafuta kwa njia ya mkato, kama wafanyavyo waoga. Nikasema ile barafu ilikuwa kidogo, na chini kulikuwa na nyasi na mashimo ya panya, na hata mtu akiwa na skii za aina gani, pale asingepita. Nilisema kama ninauliza.

Aligeuza kichwa akanitazama. Nilimwona akifikiri, akipima kweli, kama alivyowapima wateja wake: kina cha barafu, jua, mteremko, uzito wake.

"Zile pana zingenifikisha chini," akasema.

Hakulisema kwa ukali. Lilikuwa ndilo jibu.

Alipotoka hospitali hakurudi nyumbani. Alikwenda Nyamache, kwa mtu waliyesoma naye, na mfuko wake wa nguo ukapelekwa na pikipiki. Baba hakuuliza. Mimi nilisema moyoni kwamba nitakwenda wiki ijayo. Nilisema hivyo mwaka mzima na zaidi.

Nilikwenda mwishowe siku ya soko, kwa sababu ya ndizi, ndivyo nilivyojiambia. Nilimkuta mbele ya kibanda cha kuchaji simu, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja ameunyoosha mbele. Kando yake alikuwa mwanamke mjamzito akimenya machungwa. Alikuwa mkewe. Sikuwa nimesikia kwamba ameoa. Ndugu yangu alinyanyuka aliponiona, kwa shida, akishika meza.

Nilimsalimu kwa Kigusii, kama tulivyosalimiana tangu tulipojifunza kusema. Nilimwuliza habari za mguu, nikamwambia Baba anasikia vibaya sasa, nikamwambia nimemletea chai kidogo ya nyumbani. Maneno yalikuwa yakinitoka mengi mno. Aliyangoja yaishe.

Halafu akanijibu kwa Kiswahili. Kiswahili safi, cha shule, kile tunachomsemesha afisa wa serikali, au mfanyabiashara aliyetoka mbali, au mtu yeyote ambaye hatujui kwao ni wapi.

"Karibu sana, mwalimu," akasema. "Habari za kutoka huko?"

Mkewe alinitazama, akamtazama mumewe, akanisogezea kiti, naye pia akaniongelesha kwa Kiswahili, kwa sababu alidhani ndiyo lugha yangu. Nilikaa. Nilikula chungwa. Tuliongea habari za mvua na bei ya mbolea, sote watatu, kwa adabu, mpaka nikaaga.

"Asante kwa kututembelea," akasema, na akanipa mkono.